Paka Wangu na Zawadi Zake za Alfajiri
Hivi ni mimi peke yangu hapa Sinza ninayeamshwa saa 11 alfajiri na paka aliyeshiba dagaa, ambaye amenibwagia mjusi kafiri kwenye mto, huku mkia uliokatika ukiendelea kuchezacheza sakafuni kana kwamba haujapata taarifa za msiba? Najua silika ya kuwinda haisubiri njaa, ndiyo maana hata paka mwenye bakuli lililojaa huua. Sawa, lakini kwa nini aniletee mimi, mlipa kodi ya nyumba? Jana alileta panya, tena mzima, anayehema, akamtia ndani ya kiatu changu cha kazini. Nilipopiga ukunga ulioamsha wapangaji wote, yeye alikaa mlangoni akijilamba mguu, akinitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyefeli tena.