Rubani Asiyeona Simu Yake

Kwetu Shela ya Malindi kila mtu ana elimu yake kuhusu marubani. Mjomba anashikilia kwamba mvaa miwani harushi ndege hata akitoa hongo. Mama aliposikia nataka kusomea urubani alinilisha karoti mpaka nikaona haya kumtazama sungura usoni.

Nikawaeleza. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa kulipwa, kinataka kila jicho peke yake lifike 6/9, na yote mawili pamoja 6/6. Yaani hiyo 6/9 ni kwamba anachokiona mwenye macho mazima akiwa mita 9, wewe ukione ukiwa 6. Miwani ni ruhusa, mradi uwe na nyingine ya akiba karibu.

Mjomba akafikiri. "Na hiyo ya akiba anaivaa nani?"

Sikumjibu. Kabla ya kwenda kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nikaona nipitie kwanza kwa bingwa wa macho hapa mjini nijijue. Herufi za ukutani nilizisoma kama mwimbaji wa taarabu, kwa madaha. Kikaja kitabu cha vidoadoa cha rangi, kile cha Mjapani Shinobu Ishihara, cha tangu 1917. Ukurasa wa kwanza nikaiona 12, nikaitaja kwa sauti ya ushindi.

"Hiyo hata asiyejua nyekundu na kijani huisoma," daktari akasema. "Endelea."

Nikaendelea, kwa adabu. Kumbe rangi si mchezo: redio ya ndege ikizimika, mnara wa kuongozea ndege huongea na rubani kwa taa. Kijani inayowaka mfululizo, tua. Nyekundu inayowaka mfululizo, wapishe wenzio, uendelee kuzunguka.

Alhamdulillahi, nikapita kote. Hapo daktari akatoa kichupa cha matone ya kupanua mboni, apate kuchungulia nyuma ya jicho. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia peke yangu. Akasema, "Mh."

Ile "mh" nilikuja kuielewa nje. Jua la saa saba la Malindi, nanyi mnalijua, lilinivamia lote kwa mpigo. Nikapapasa mpaka kwenye tuktuk iliyokuwa ikingoja abiria. Ndani mlikuwa na mama mmoja na beseni lake la samaki, na mzee wa kofia. Simu ikalia. Naitazama: ukungu. Naisogeza mbali mpaka mkono umekwisha: ukungu ule ule.

"Kaka," nikamwambia dereva, "hebu nisomee ujumbe huu. Nimetiwa dawa machoni."

Dereva akausoma kwa sauti ya mwadhini. "Mwanangu, umepita? Mjomba wako asema umuulize daktari kama kule kukojoa kitandani ulikoacha darasa la sita kutakuzuia kurusha ndege."

Kimya. Hata samaki nahisi walinitazama.

Mama wa samaki ndiye aliyenihurumia. "Halina neno, mwanangu. Wangu aliacha kidato cha pili, na sasa ni polisi."

"Kurusha ndege?" Dereva akageuka mzima mzima. "Wewe ni rubani?"

"Nataka kuwa."

"Na simu huioni!"

Nikaanza kufafanua mambo ya mboni na matone, lakini nani alikuwa akisikiliza? Mzee wa kofia alikuwa ashamshauri dereva cha kumjibu mama, na dereva alikuwa ashaanza kuandika. Mpaka leo sijui vizuri walimwambia nini. Najua tu kwamba mama alinipokea mlangoni kwa uji na shuka ya akiba.

Tukiwa bado pale, ndege ikapita juu ikishuka uwanjani. Wote wakainua vichwa. Mimi niliinua kwa heshima tu, kwa kuwa niliona weupe mtupu.

"Hawa nao hupimwa?" mama wa samaki akauliza.

"Kila mwaka," nikasema, nikifurahi kwamba hatimaye nimeulizwa la maana. "Wakifika miaka 60, kila miezi 6."

Akaisindikiza ile ndege kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya minazi.

"Basi Mungu ajalie," akasema, "huyu asiwe ametoka kupimwa leo."