Pembetatu ya moli: msaada au mtego?

Mwanafunzi akianza stoikiometria, yaani hesabu za kiasi cha dutu kinachoingia na kutoka katika mmenyuko wa kemia, mara nyingi hukabidhiwa pembetatu. Juu kuna tungamo la dutu kwa gramu. Chini kuna idadi ya moli, kipimo cha kiasi cha dutu, na tungamo la moli moja. Funika kwa kidole unachokitafuta, kilichobaki kitakwambia ugawanye au uzidishe. Haichukui muda darasa zima linakokotoa. Kisha linakuja swali lenye vitendanishi viwili, yaani dutu mbili zinazoingia katika mmenyuko, vyote vimetajwa kwa gramu, na kalamu zinasimama.

Wapo wanaosema pembetatu hii ifutwe, mwanafunzi aanze na chembe: atomu na molekuli, ngapi kwa ngapi. Wengine wanaona huko ni kumtesa bure mtu anayehitaji kupata jibu. Mimi nipo upande wa chembe, lakini watetezi wa gramu si watu wa kupuuzwa.

Hoja yao ya kwanza ni ya mzigo. Swali moja la stoikiometria linadai usome fomula, usawazishe mlinganyo, utoke kwenye gramu uende kwenye moli, upite kwenye uwiano, kisha urudi kwenye gramu. Mgeni hawezi kuyashika yote kwa mkupuo, na chombo kinachompunguzia hatua mbili si uvivu. Hoja ya pili ni ya historia, na hiyo ndiyo nzito zaidi. Mkemia Mjerumani Jeremias Benjamin Richter alilibuni neno stoikiometria mwaka 1792, akilitoa katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya elementi na kipimo. Kitabu cha Mwingereza John Dalton kuhusu atomu kilianza kutoka mwaka 1808. Kwa hiyo watu walishapima asidi na besi, wakajua kiasi gani cha hii kinatosheleza kiasi gani cha ile, bila kuhesabu chembe hata moja. Hata Wilhelm Ostwald, aliyeliingiza neno moli katika kemia, kwa miaka mingi hakukubali kwamba atomu zipo kweli. Moli ya kwake ilikuwa gramu.

Hata hivyo historia hiyohiyo inawageuka. Maji yana gramu 8 za oksijeni kwa kila gramu 1 ya haidrojeni. Dalton alidhani molekuli ya maji ina atomu moja ya kila kimoja, na kwa dhana hiyo atomu ya oksijeni inakuwa nzito mara 8 kuliko ya haidrojeni. Ukweli ni mara 16, kwa sababu haidrojeni zipo mbili. Mizani haikukosea, ilichoshindwa ni kusema ngapi kwa ngapi. Wakemia walihangaika na suala hilo hadi mkemia Mwitalia Cannizzaro alipolitetea wazo la Avogadro la mwaka 1811, kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli, kwenye mkutano wa wakemia mjini Karlsruhe mwaka 1860.

Mwanafunzi wa leo anakwama palepale. Chukua mlinganyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Umepewa gramu 10 za haidrojeni na gramu 10 za oksijeni: maji yatakuwa gramu ngapi? Mwenye pembetatu peke yake anapata moli 5 za haidrojeni na moli 0.3125 za oksijeni, halafu anatafuta pa kuzipeleka. Pembetatu imemfikisha mlangoni ikamwacha. Baya zaidi, ile 2 iliyo mbele ya H₂O haina mahali pake ndani ya pembetatu, kwa hiyo anaisokomeza kwenye tungamo la moli na kuandika 36 badala ya 18. Kosa hili haliji kwa uzembe: namba ameiona, anajua ina kazi, ila hajaambiwa kwamba inahesabu molekuli.

Aliyeanza na chembe huchora kwanza. Molekuli 5 za haidrojeni, 2 za oksijeni. Kila oksijeni inachukua haidrojeni mbili. Maji yanakuwa 4, haidrojeni 1 inabaki. Kwa mchoro huo ameshaelewa kitendanishi kinachokwisha kwanza kabla hajalisikia jina lake. Akirudi kwenye swali, anaona kwamba moli 0.3125 za oksijeni zinadai haidrojeni mara mbili yake, yaani 0.625, na zile 5 zinatosha na kusaza. Oksijeni ndiyo inayoamua. Maji ni moli 0.625, sawa na gramu 11.25.

Upande wangu nao una udhaifu wake. Mchoro hauwezi kuonyesha 0.3125, maana nusu ya molekuli ya oksijeni si oksijeni hiyo tena, ilhali nusu ya moli ni kitu cha kawaida kabisa. Pia walimu wa chembe hupenda kuanza na ile namba ya Avogadro, 6.02214076 × 10²³, ambayo tangu 2019 ndiyo inayofasili moli. Namba hiyo inatisha, na katika swali la gramu kwa gramu haitumiki hata mara moja. Mgeni anahitaji kujua tu kwamba moli ni idadi, kama dazeni ilivyo idadi, na kwamba dazeni za vitu tofauti hazilingani uzito. Akishalikubali hilo, pembetatu apewe. Haina madhara tena, kwa kuwa anajua ni daraja la kutoka mizani kwenda hesabu, na kwamba namba za mlinganyo zinafanya kazi ng'ambo ya daraja.

Na mizani irudi mwishoni kama mkaguzi. Katika swali letu haidrojeni iliyosazwa ni moli 4.375, yaani gramu 8.75. Jumlisha na gramu 11.25 za maji, unapata 20, zilezile ulizoanza nazo. Yule aliyeandika 36 atapata maji gramu 22.5, mazito kuliko vitu vyote alivyopewa, na hapo hakuna haja ya mwalimu kumwekea alama ya kosa.