Usipige kama huna mbwa

Siku ya kwanza nilipoingia na bunduki katika misitu ya kaskazini mwa Minnesota, Marekani, niliangusha ndege watatu, nikarudi nyumbani na mmoja. Wale wawili niliwatafuta mpaka kiza kikanifukuza. Mmoja nilimwona kwa macho yangu akigusa chini, hatua thelathini hivi kutoka niliposimama. Nilipofika nikakuta majani makavu na unyoya. Mbwa sikuwa naye. Nilidhani mbwa ni mapambo ya wenye pesa.

Sasa kila Septemba ikikaribia lazima nipate simu, mara nyingi ya Mswahili mwenzangu, anataka kuja tuwinde na alicho nacho ni bunduki tu. Namjibu hapana, halafu inabidi nijieleze.

Ndege wenyewe ni wa aina mbili. Wa kwanza ni grausi, wa ukoo mmoja na kwale. Hukaa kwenye miti michanga iitwayo aspeni, iliyosongamana, na akiruka huruka kwa kishindo cha mabawa kinachokushtua hata kama ulikuwa unamngoja. Wa pili wenyeji humwita woodcock. Kwa kuwa ni ndugu wa sululu, mimi namwita sululu wa msituni. Ana mdomo mrefu ambao ncha yake hufunguka ikiwa ndani ya udongo, ikamnasa nyungunyungu. Macho yake yamekaa nyuma kichwani, hata akiwa ameinama anakula anamwona anayemnyatia kwa mgongoni. Rangi yake ni ya majani yaliyoanza kuoza. Ukimkaribia hakimbii, anajilaza palepale akiamini humwoni, na kweli humwoni. Rangi hiyohiyo humficha akishakufa.

Wapenzi wa mbwa wa kuwindia husifu zaidi ile dakika ya kuganda. Mbwa anakimbia mbele yako vichakani, njuga shingoni inalia, humwoni ila unamsikia. Ghafla njuga inanyamaza. Hapo unajua amenusa ndege na amesimama kama kinyago, pua mbele, mguu mmoja juu. Mimi pia moyo hunidunda njuga ikinyamaza, siwezi kudanganya. Lakini simlishi mbwa mwaka mzima kwa ajili ya dakika hiyo. Ninamlisha kwa ajili ya kinachofuata baada ya mlio wa bunduki.

Marisau, zile punje ndogo za risasi, hayaui kila mara. Ndege anavunjika bawa, anatua, anakimbia kwa miguu na kujichomeka chini ya gogo. Mtu atapita juu yake mara kumi. Mbwa wangu, jike wa aina ya seta asiye na umbo la kujivunia, hushusha pua, huzunguka mara mbili tatu, kisha hurudi na ndege mdomoni, mara nyingine bado anapepesa macho.

Kwangu mimi, mtoto wa Tanga, hilo la kupepesa macho lina uzito wake, kwa sababu nikimpata hai lazima nimchinje. Nimeshapiga bismillahi wakati wa kufyatua, sawa, lakini aliye hai ana haki ya kisu. Bila mbwa ningemfikia saa ngapi?

Mama alipojua nafuga mbwa alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Unamlaza wapi?"

"Ana kibanda chake nje, mama."

"Na hao ndege anawashika kwa mdomo?"

Nikamkumbusha Surat al-Maida, aya ya 4, inayohalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Na hadithi ya Adi bin Hatim: mbwa akila katika alichokamata, usikile, maana amejikamatia mwenyewe. Wafunzaji wa mbwa huku, ambao hawajui lolote kuhusu Adi, wanasumbuka miezi na jambo hilohilo, mbwa abebe bila kutafuna. Pale palipoguswa na meno napaosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Mama akasema, "Haya, we jua mwenyewe." Kwa mama yangu hiyo ni ridhaa.

Sheria ya hapa inakuruhusu grausi 5 kwa siku na sululu wa msituni 3. Inakutaka pia ufanye juhudi ya kweli kumtafuta uliyemwangusha, lakini msituni nani anakuona? Aliyepotea haingii kwenye hesabu ya mtu yeyote. Na huyu sululu hana wingi wa kupotezwa. Anahesabiwa kila masika, kwa kusikiliza madume wakiimba jioni, na tangu hesabu hizo zilipoanza mwaka 1968 amekuwa akipungua. Sababu kubwa ni misitu michanga kuzeeka au kugeuzwa kitu kingine, si bunduki. Hata hivyo sioni kwa nini nimwongezee hasara ya uvivu wangu.

Wenzangu wenye mbwa wananiona msaliti kwa hili linalofuata. Wanamcheka yule anayeendesha gari polepole kwenye barabara za wakata magogo, jioni grausi wanapotoka kumeza kokoto, akashuka na kumpiga aliyesimama. Wanasema huo si uwindaji. Labda. Lakini ndege wake huanguka barabarani peupe, anamwokota, anakwenda kumpika. Anayepoteza ndege zaidi ni yule anayeingia vichakani peke yake, anafyatua kila kinachopaa, na jioni anajiita mwanamichezo.

Najua mbwa ni gharama. Kuna chakula, kuna daktari, kuna nungunungu, ambaye mbwa wangu amemvamia mara mbili bila kupata akili. Siku hizi koleo ya kung'olea miiba haitoki mfukoni mwangu. Si kila mtu anaweza. Basi atembee na mwenye mbwa.

Kuna jamaa wa Minneapolis ameshanipigia mwaka huu. Nimemwambia aje Jumamosi, bunduki yake aiache nyumbani. Tutakwenda na mbwa mmoja na bunduki moja, tupokezane, na hakuna atakayefyatua ya pili kabla ndege wa kwanza hajawa mkononi.