Mzee wa joho jekundu na picha zetu za ofisini

Mimi huku Wales nabeba boksi kama wengi wetu, shifti yangu ni ya usafi kwenye chuo kimoja, naingia saa kumi na moja alfajiri na mtu wa kwanza kumuona kila siku ni mzee wa ukutani. Alikuwa mkuu wa chuo zamani. Kachorwa kwa rangi za mafuta, mkubwa kama mlango, kakaa kwenye kiti, joho jekundu, kitabu mapajani. Supavaiza aliniambia fremu futa kwa brashi kavu, picha yenyewe usiguse hata kwa kidole. Basi nafuta pua ikiwa karibu na mkono wa mzee, na ukisogea hivyo hakuna mkono pale, ni mabonge ya rangi nyeupe na pinki tu, kayabandika fundi haraka haraka, ukirudi hatua nne nyuma unaona mpaka mshipa! Uso ndio kauhangaikia kweli.

Sasa kwetu, ingia ofisi yoyote hata ya serikali ya mtaa, ukutani yupo Rais aliyepo, pembeni Mwalimu Nyerere. Akija mwingine ya zamani inashuka, Machi 2021 si tuliona. Huku vyuoni mara nyingi mkuu anachorwa akikaribia kuondoka au ameshaondoka, na zamani hela walikuwa wanachanga wenzake na wanafunzi wake. Yaani wanamchangia mtu ambaye hawezi tena kumpandisha yeyote cheo. Hilo nimewavulia kofia.

Ila na wao wana yao, kuta zile ni wanaume watupu na majoho yao, mpishi wa hosteli hayupo na mfagiaji ndio kabisa.

Nikaanza kuwasoma hawa wakuu kwenye simu. Cardiff chuo kilifunguliwa Oktoba 1883 kwenye jengo la hospitali ya zamani, mkuu wa kwanza kijana wa miaka 27, mtu wa fizikia, anaitwa John Viriamu Jones. Viriamu! Nikajua ni mtu wa Bukoba huyu. Kumbe wazazi walimpa jina la mmisionari John Williams, na watu wa visiwa vya Pasifiki ndio walikuwa wanalitamka hivyo, kama babu yangu anavyosema Wiliamu. Alifariki 1901 na miaka 45, yupo pale Cardiff, sanamu ya marumaru, kakaa.

Halafu nikajiuliza chuo chetu cha Dar je? Kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, mkuu wa kwanza Mkanada, Cranford Pratt. Nimesoma Mlimani miaka mitatu jina hilo nimekuja kulijua nikiwa na ndoo ya maji Wales.

Grupu la shule yetu ya sekondari mwaka huu tumeshachangia harusi saba. Mkuu wetu wa shule kastaafu, yuko Njombe analima parachichi, yule alikuwa anatuamsha na tochi twende prepu. Wiki iliyopita nikaandika kwenye grupu jamani tuchange, tumtafutie mchoraji mzuri, picha ikae bwaloni. Kimya kama dakika kumi. Halafu mmoja akajibu, kwani mwalimu amefariki lini?