Mishumaa Yangu, Giza Langu

Jamani, semeni polepole. Nimejificha nyuma ya ofisi ya mgodi, leo ndiyo siku ya kufunga hesabu ya mwaka.

Mimi mchimba madini ya risasi hapa Allendale, kaskazini mwa Uingereza, na mwaka huu wa 1768 msimamizi ameniambia tena kwamba mimi si kibarua. Eti ni mbia! Tuko wanne: mimi, shemeji, mwanawe, na mzee mmoja anayekohoa zaidi ya anavyochimba. Kila miezi 3 tunapatana bei. Siku hazihesabiwi, tunalipwa kwa bingi, yaani ratili 896 za mawe yaliyokwisha kusafishwa. Mmesikia hapo? Yaliyosafishwa. Takataka tunazichimba bure.

Robo moja ya mwaka mshipa, yaani mstari wa madini ndani ya mwamba, ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, tukapewa shilingi 30 kwa bingi. Tukatambaa, tukalipua, mara tukaangukia mshipa mnono! Shemeji akapiga vigelegele. Nikamwambia, "Nyamaza weye, msimamizi atasikia!"

Akasikia. Mapatano mapya: shilingi 18. Eti mawe sasa ni mengi, kazi imekuwa nyepesi. Kwa hiyo nikikosa nalala njaa, nikipata napunguziwa.

Halafu makato. Mishumaa ya mafuta ya kondoo juu yetu. Baruti juu yetu. Mhunzi wa kunoa tindo juu yetu. Wa kuvuta mawe hadi nje, na vijana wa kuyaosha, wote juu yetu. Nikauliza, "Na tajiri yeye anatoa nini?"

"Kilima," msimamizi akanijibu, wala hakucheka.

Basi tukabana mishumaa, tukagonga gizani. Nyundo ya kwanza ikatua kwenye kidole gumba cha shemeji. Ile michache tuliyookoa ikaliwa na panya. Mnajua mishumaa iliyoliwa na panya imeandikwa kwa nani? Wale panya wamenenepa kuliko ng'ombe wangu.

Kila mwezi tunapewa posho ya kusukumia siku, nayo inakatwa siku kama ya leo. Nimetoa posho, nimetoa makato, na baada ya jasho la mwaka mzima mimi ndiye ninayedaiwa! Mawe yetu mengine yamelala uwanjani, lakini maji ya kuoshea yameganda barafu, na kabla ya kuoshwa hayo ni kokoto tu.

Na mwenye duka la unga, aliyenikopesha mwaka mzima, kasimama mlangoni na daftari kwapani. Ndiyo maana nikatokea dirishani. Shemeji akanifuata, sasa amekwama kiunoni, miguu bado iko ofisini. Kamba ya kumvutia ipo stoo. Lakini nikiigusa tu, itaandikwa kwenye hesabu ya mwakani.