Mkandarasi Aliyejiandikia Barua

Mkandarasi wa daraja la saba, lile la chini kabisa, ni mtu anayeanza kujenga kwa fedha za kukopa, anamaliza kwa fedha za kukopa, kisha anabaki akiishi kwa ahadi. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa wakandarasi wa namna hiyo. Kampuni yetu ilikuwa na usajili halali wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ofisi yake ilikuwa sebuleni kwangu, anwani yake ilikuwa sanduku langu la posta, na mali pekee isiyohamishika tuliyomiliki ilikuwa mashine ya kuchanganyia zege, ambayo haikuhamishika kwa sababu matairi yake yalikuwa yamekwisha.

Mradi wetu wa mwisho pamoja ulikuwa choo cha stendi ya mabasi katika halmashauri moja ya wilaya, ambayo sitaitaja kwa kuwa hadi leo ndiyo inayonilipa mshahara. Choo tulikijenga, utepe ukakatwa, abiria wakaanza kukitumia na mhudumu akaanza kutoza, lakini asilimia 5 ya fedha zetu ilizuiliwa kusubiri kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kama kasoro zitajitokeza, kiishe, kama mkataba ulivyotaka. Kipindi kikaisha na fedha hazikutoka. Ili zitoke, mhandisi wa halmashauri alipaswa kukagua choo na kuandika kwamba hakina kasoro, na kila nilipofika kumuulizia nilijibiwa kwa upole mkubwa kwamba mhandisi hayupo.

Ndipo nikaandika ile barua. Niliiandika usiku, nikiwa na njaa, na mtu asiandike barua ya madai akiwa na njaa. Nilisema kwamba ofisi ya ujenzi ya halmashauri ile imelala usingizi wa pono, kwamba mhandisi wao ni mzembe asiyejua uchungu wa kudaiwa saruji dukani, na kwamba ningependa sana siku moja nimwone uso kwa uso. Nikasaini kwa cheo cha Mkurugenzi, nikagonga muhuri wa kampuni mara mbili kwa hasira, nikaituma.

Kabla ya hayo yote nilikuwa nimefanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kule Dodoma. Nilipita mchujo, nikapita mahojiano, lakini nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu, kwa hiyo jina langu likawekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Kwa uelewa wangu wa wakati ule, kanzidata ilikuwa mahali ambapo majina hupelekwa kupumzika. Nilishasahau kabisa, hadi tangazo la kuitwa kazini lilipotoka na shemeji akanipigia simu akipiga kelele kwamba ameliona jina langu. Barua ya kupangiwa kituo ilinitaka niripoti ndani ya siku 14 nikiwa na vyeti halisi, katika nafasi ya mhandisi, kwenye halmashauri ileile ninayoidai.

Nafasi yenyewe ndiyo iliyonimaliza nguvu. Siku nilipokwenda kuripoti, afisa utumishi alinieleza kwa furaha kwamba walikuwa wamenisubiri mno, kwa sababu mhandisi aliyetangulia alihamishwa zamani na meza yake ilikuwa tupu tangu hapo, wakisubiri kibali cha ajira mpya. Nikakaa kimya nikipiga hesabu. Mtu niliyekuwa nikimfuata kila wiki, niliyemwita mzembe kwa maandishi yenye mihuri miwili, hakuwa amesafiri wala hakuwa amelala. Alikuwa mimi, ambaye bado sijaajiriwa.

Kwa kuwa nilitaka kuanza utumishi kwa mikono safi, nilijitoa kwenye kampuni. Hisa zangu nikamwachia shemeji, tukapeleka mabadiliko BRELA wanakosajili kampuni, nikahama kutoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, kwenda PSSSF, ule wa watumishi wa umma, na shemeji akanifanyia karamu ndogo ya kuniaga. Hotuba yake ilikuwa fupi. Alisema kwamba miaka yote tulikuwa tunabisha hodi mlangoni, na sasa Mungu ametupa mtu ndani.

Huyo mtu wa ndani alipewa meza, kiti chenye miguu mitatu mizima, na jalada la kwanza. Anayetoka kwenye ukandarasi hajui jalada ni kitu gani. Kwetu jambo likitokea unapiga simu, fundi anakuja, unamlipa, mnaachana. Serikalini jambo halijatokea mpaka limeingia masjala, likapewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi jaladani, likafungwa kwa uzi ndani ya jalada, likaandikiwa dokezo, na mkubwa akaandika neno lake pembeni. Nilifungua jalada lile kwa heshima zote, na folio ya juu kabisa ilikuwa barua yangu. Mhuri wa kupokelewa ulikuwa umegongwa kichwa chini miguu juu, neno "mzembe" lilikuwa limepigiwa mstari kwa penseli, na pembeni, kwa mwandiko wa mteremko, mkuu wangu wa divisheni alikuwa ameandika: "Mhandisi mpya. Andaa majibu."

Nilifanya kile ambacho semina ya mafunzo elekezi ilinifundisha: niliandika dokezo nikitamka mgongano wa maslahi, kwamba mdai katika folio hiyo nilikuwa mimi nilipokuwa mtu wa sekta binafsi, na kwamba kampuni sasa ni ya shemeji yangu. Dokezo likapanda kwa mkuu wa divisheni, likaenda kwa mwanasheria, likapanda kwa Mkurugenzi Mtendaji, likashuka. Maelekezo yalikuwa ya busara: nisiguse ukaguzi wala malipo, na aombwe mhandisi wa halmashauri jirani aje kukagua. Lakini barua ya kumjulisha mkandarasi kuhusu utaratibu huo ni jambo la kawaida, haina maslahi yoyote, na kwa kuwa ofisi haina mhandisi mwingine, niiandae mimi kwa saini ya Mkurugenzi.

Basi nikakaa nikajiandikia. "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Ofisi imepokea barua yako na inatambua umuhimu wa madai yako. Unaombwa kuwa na subira wakati suala hili likifanyiwa kazi kwa mujibu wa taratibu. Nakutakia kazi njema." Nilipoisoma upya nilihisi hasira ya zamani ikinipanda kifuani, kwa maana majibu ya namna hiyo ndiyo yaliyonifanya niache ustaarabu wangu wa awali.

Barua iliposainiwa nikaenda masjala kuichukua. Mama wa masjala, mtumishi wa muda mrefu ambaye hata Mkurugenzi humwamkia, alinitazama juu ya miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka nini?"

"Ile barua ya mkandarasi wa choo. Nitaifikisha mwenyewe, sanduku ni langu."

"Wewe ni mkandarasi?"

"Nilikuwa, mama."

"Basi aliyekuwa hapokei barua. Itakwenda posta."

Nikamweleza kwamba funguo za sanduku hilo ziko mfukoni mwangu. Akaniambia zikae hukohuko salama. Barua ikaandikwa kwenye kitabu cha kutuma, ikapelekwa posta na mhudumu kwa baiskeli, na siku chache baadaye nikatoka ofisini wakati wa chakula cha mchana, nikafungua sanduku, nikachukua barua niliyoiandika, nikampelekea shemeji. Aliisoma pole pole, akaniuliza ni nani huyo mpumbavu anayetutakia kazi njema.

Kuanzia hapo shemeji alibadili mbinu. Alianza kuja ofisini na kukaa kwenye benchi la wageni pamoja na wananchi wengine, na kila nilipopita aliinua sauti: "Shemeji! Vipi, mbona kimya?" Watumishi wenzangu wakawa wanatoa vichwa madirishani. Nilimvuta pembeni nikamweleza kwamba tangu nitamke mgongano wa maslahi, jalada letu linapita kwa mwanasheria kila hatua, jambo ambalo majalada ya wakandarasi wengine hayafanyiwi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo zamani tulikuwa tunacheleweshwa na mtu asiyekuwepo, na sasa tunacheleweshwa na wewe kuwepo." Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina.

Hatimaye mhandisi wa jirani akaja. Nilikuwa nimekatazwa kushiriki ukaguzi, na sikushiriki. Nilikwenda stendi kama raia mwingine yeyote, nikasimama mbali chini ya mwarobaini, nikanunua mhindi wa kuchoma. Kutoka pale niliweza kumwona akiingia na kutoka, akifungua mabomba, akimwaga ndoo ya maji sakafuni na kuinama kutazama yanaelekea wapi. Mimi nilijua yanaelekea wapi. Kwa maelezo yangu, ambayo nayasimamia mpaka leo, sakafu ile iliwekewa mteremko sahihi kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, na kama maji yalituama kwenye kona ya tatu ni kwa sababu ya ndoo za watu wanaofulia humo usiku. Mhandisi akamuuliza mhudumu wa choo ni fundi gani aliyemwaga sakafu ile. Mhudumu hakusita hata kidogo. Alinyoosha mkono kuelekea mwarobaini na kupaza sauti ya mpiga debe: "Mkandarasi yule pale, anakula mhindi! Muulizeni mwenyewe!"

Stendi nzima ikageuka. Kondakta mmoja aliyekuwa akipanga mizigo juu ya basi akashuka kabisa ili aone vizuri. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja akanieleza kwamba komeo la mlango wa pili limelegea, na kwamba alibaki ameshika mlango kwa mguu muda wote aliokuwa ndani. Nikamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba mimi ni mtumishi wa umma na kwamba maoni yake yanapokelewa kupitia ofisi ya kata. Mhandisi mwenzangu akaniangalia, akauangalia mhindi, akaandika jambo kwenye karatasi yake. Taarifa ilipofika, ilikuwa na kasoro nne, na ya nne ilitaja uwepo wa mtu mwenye maslahi katika eneo la ukaguzi.

Shemeji akarekebisha kasoro tatu na akaniachia ile ya nne niimalize mwenyewe kwa dokezo la maelezo. Cheti kikatoka, hati ya malipo ikaandaliwa, na ikarudishwa na mweka hazina akiwa na hoja moja tu: barua ya madai iliyo kwenye jalada imesainiwa na mtu ambaye, kwa kumbukumbu za sasa za BRELA, si mkurugenzi wa kampuni. Yaani maadili yangu yalikuwa yamebatilisha madai yangu. Shemeji akatakiwa aandike barua upya. Yeye si mtu wa kalamu, kwa hiyo aliichukua ile ya kwangu neno kwa neno, usingizi wa pono na mihuri miwili, akabadilisha tarehe na saini tu. Ikaja masjala, ikapewa folio, ikanifikia mezani kwa taarifa, ikimtaja mhandisi kuwa mzembe ambaye mdai angependa sana kumwona uso kwa uso. Safari hii mhandisi alikuwepo, na mdai alikuwa ameketi kwenye benchi pale nje.

Ilikuwa tayari mwezi Juni. Anayejua mambo ya serikali anajua Juni ni nini: tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa, kila idara inakimbizana na mfumo wa malipo, na wakandarasi wanalala nje ya ofisi za uhasibu. Hati yetu ilikuwa mezani kwa mwanasheria mwaka ulipofungwa. Ikawa deni la mwaka uliopita, ikaingia kwenye orodha ya madeni yanayosubiri uhakiki, ikahakikiwa na watu ambao nao walitaka kukiona choo.

Fedha ziliingia siku ambayo nilikuwa shambani kwa mama mkwe. Shemeji akapiga simu, na nikategemea shukrani. Alitaka kujua kwa nini kiasi kimepungua, na alipokwisha kunisomea tarakimu nikamweleza habari za kodi ya zuio, kwamba serikali inapomlipa mkandarasi hukata kodi hiyo palepale. Akasema hajaridhika, na kwamba mimi niko ndani, nifuatilie. Nikamwambia, kwa upole mkubwa, aandike barua kwa Mkurugenzi.