Kovu ndilo huzuia taya kukua
Makala niliyoisoma inadai kwamba uso wa mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa (paa la kinywa) hubonyea katikati kwa sababu ya kasoro yenyewe. Sikubaliani, kwa kuwa watu wazima wa Sri Lanka ambao hawakuwahi kufanyiwa upasuaji, waliochunguzwa na mtafiti Michael Mars na wenzake, kwa kawaida walikuwa na taya la juu lililokua vizuri, jambo linaloonyesha kwamba kizuizi kikubwa ni kovu la upasuaji. Hata hivyo mzazi asiahirishe upasuaji, maana kaakaa likiachwa wazi matamshi huharibika. Kinachoniuma ni ufuatiliaji kukatika, ilhali kupandikiza mfupa kwenye ufizi husubiri mtoto afikishe umri wa takriban miaka 8 hadi 11. Je, wazazi wenzangu, watoto wenu waliitwa tena kliniki?